Kiti cha Zumari

Sketi ilifika Alhamisi ndani ya mfuko wa plastiki, na Ronan Talty aliingia nayo jikoni mwa baa yake ameinyanyua juu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshinda samaki kwenye bahati nasibu. Ilikuwa ya mirabaraba myekundu na ya kijani, kama wanazovaa wanaume wa Kiskoti, na mbele ilikuwa na kipochi cha manyoya cha kuning'inia.

Cepta Hehir alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na sinki, anamenya viazi. Aliitazama sketi, akamtazama Ronan, akarudi kwenye kiazi chake.

"Itakubana kiunoni," alisema.

"Si yangu. Ya Fintan."

Kisu kilisimama. Fintan ni mumewe.

"Jumapili yanakuja mabasi mawili ya watalii," Ronan aliendelea, mchangamfu kama mtu aliyeleta habari njema. "Nataka mtu mlangoni. Anapuliza zumari, wageni wanapiga picha, wanaingia, wanakunywa. Yuro thelathini na bakuli la supu. Supu yako mwenyewe, Cepta, sasa hapo utalalamika nini?"

"Hapa ni Ayalandi. Fintan si Mskoti."

"Wageni hawajui tofauti."

"Na wewe? Wewe ni mtoto wa Mikey Talty, umezaliwa nyumba ya pili kutoka hapa. Zumari la Fintan halipulizwi kwa mdomo. Linatiwa upepo kwa mvukuto, linabanwa kwa kiwiko, na mtu hulipiga amekaa. Amekaa, Ronan. Akisimama ni kama kumwambia mtu afume sweta huku anapanda ngazi."

"Ndiyo maana nimemnunulia jingine. La kupuliza. Limekuja pamoja na sketi."

"Kifua chake kimejaa vumbi la machimbo. Hata mshumaa wa keki hauzimi kwa mara moja."

"Ah!" Ronan alitabasamu, maana hapo ndipo alipokuwa anataka kufika. "Hana haja ya kupuliza. Nimeficha spika kwenye chungu cha maua. Yeye avimbishe mashavu tu."

Na akaiacha sketi juu ya meza, kando ya kabichi, akaondoka akipiga mluzi.

Kusema kweli, Ronan hakuwa mtu mbaya kupita wengine. Aliuza majumba Dublin mpaka majumba yakakosa wanunuzi, kisha shangazi yake Bina akafa na kumwachia baa. Watu wa kijiji cha Kilcorran walifurahi. Walidhani amerudi nyumbani. Hawakujua kwamba kuna watu wanaorudi nyumbani kama fundi anayekuja kupima mlango uliooza: anagonga hapa, anagonga pale, anaandika bei.

Kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa kiti. Kilikuwa kiti kifupi, kisicho na mikono ili viwiko vipate nafasi, na kilikaa kwenye kona iliyo mbali na moto, kwa sababu zumari lina ndimi za tete ndani yake, na tete likikauka zumari linabweka kama mbwa mwenye mafua. Babu mmoja alikalia kiti kile, kisha mwanafunzi wake, kisha Fintan. Baa ikijaa mpaka watu wakasimama kwenye mvua, kile hakikaliwi. Kuna bwana harusi aliwahi kukikalia kwa kutojua, Bina akamnyanyua kwa sikio mbele ya mkewe mpya. Wapiga fidla na wapiga filimbi walikizunguka, wakatazamana wao kwa wao, migongo kwa watu. Na aliyetaka kusikiliza alisikiliza mgongo.

Ronan alikitupa uani. Konani akaweka rafu ya fulana na kofia. Upande wa pili akajenga jukwaa lenye vipaza sauti, na wapigaji akawapanga mstari mmoja, nyuso kwa wageni, kama watoto wa shule wanaosubiri kupigwa picha.

*

"Nitavaa," Fintan alisema.

Walikuwa wanakula chakula cha jioni, nyama ya nguruwe na kabichi. Sketi ilikuwa mgongoni mwa kiti cha tatu, imekaa nao mezani kama mgeni.

"Hutavaa."

"Nani anatuletea mshahara humu ndani, Cepta? Mimi? Mimi nakohoa tu, na kukohoa hakulipwi. Nikikataa, atakufukuza wewe."

"Anifukuze!"

"Halafu akishakufukuza, tutakula nini? Hasira zako? Zingekuwa zinaliwa tungekuwa wanene sana."

Cepta angecheka siku nyingine. Aliweka uma chini.

"Fintan. Atakuvisha sketi, atakusimamisha mlangoni na zumari bubu, halafu chungu cha maua kipige muziki. Umeelewa? Chungu cha maua."

"Nimevaa kofia ya chuma machimboni maisha yangu yote, haikuniua."

"Kofia ya chuma ilikuwa inakulinda."

Fintan alinyanyuka akaenda kabatini, akagusa sanduku la zumari lake, lile refu jembamba ambalo wageni hudhani lina bunduki. Hakulifungua. Tangu kiti kitoke hakulifungua hata mara moja, na Cepta, ambaye kwa miaka yote ya ndoa alilalamika kwamba yule mdudu analia nyumbani kuliko mtoto, alikuwa sasa anaamka asubuhi na kukisikia kimya kile kama mtu anayesikia bomba linalovuja.

"Jumatatu nitampigia simu yule bwana wa Galway anayenunua vyombo," Fintan alisema. "Alilitaka siku nyingi."

"Utauza zumari?"

"Zumari halina kiti. Nitalipigia wapi? Kitandani?"

"Hapa! Jikoni!"

"Peke yangu? Kumpigia nani, jiko?" Alikohoa mpaka akashika meza. Kikohozi kilipopita alisema kwa sauti ndogo, "Mtu hapigi peke yake, Cepta. Akipiga peke yake anafanya mazoezi tu. Mazoezi ya nini sasa?"

Usiku ule Cepta aliosha vyombo kwa kelele zaidi ya ilivyohitajika. Na kama alivyokuwa anafanya tangu Ronan aje, alisema maneno yake ya hasira chini chini, ndani ya sinki. Na maneno, kwa vile yalisemwa mara nyingi na mikono ikiwa inafanya kazi moja, yalikuwa yameanza kupata mwendo wa mikono. Yalikuwa yanaishia pamoja, kwa vina. Hakuona ajabu. Alidhani anasuta tu.

*

Jumapili alasiri mvua ilikuwa ile isiyonyesha wala kuacha. Cepta alifika kazini na kikapu cha viazi, na chini ya viazi alikuwa ameficha sanduku la zumari. Fintan hakujua. Hata yeye Cepta asingeweza kukueleza kwa nini alilibeba. Alilisukuma chini ya meza, mbali na jiko, akaendelea na supu.

Basi la kwanza liliegeshwa. Senan, dereva, mtu wa huku huku, aliingia kwa mlango wa nyuma kama kawaida yake kula supu na mkate jikoni. Kwenye benchi kando ya mlango wa jikoni alikuwa Nonie Marrinan, bibi wa miaka themanini na kitu, kodiani yake ndogo ya pembe sita iko mapajani, imefungwa. Nonie alikataa kupanda jukwaani. Ronan alipomwambia vipaza sauti vitawasaidia watu wamsikie vizuri, alimjibu kwamba wanaotaka kumsikia vizuri wanyamaze.

"Yupo huko nje?" Nonie aliuliza.

"Yupo," Cepta alisema.

"Miguu yake inaonekana?"

"Mpaka magoti."

"Mungu wangu. Nilijua nitaona mengi kabla sijafa, lakini magoti ya Fintan sikuyaomba."

Wakacheka wote watatu, Senan kwa mdomo uliojaa mkate. Kisha wakaacha kucheka kwa pamoja.

Kutoka dirishani Cepta alimwona mumewe kwa ubavu. Alisimama mlangoni, maji yanamdondokea kutoka kwenye kofia, mashavu yamevimba, vidole vinatembea juu ya bomba la plastiki. Na hili ndilo lililomchoma: vidole vilikuwa vinatembea sawasawa. Spika kwenye chungu ilikuwa inapiga muziki wa gwaride la kijeshi, wa Waskoti, na Fintan, ambaye hakuna aliyemwomba, alikuwa ameshika kila noti kwenye bomba bubu. Hakujua kufanya kitu hovyo, hata uongo.

Wageni walimzunguka na simu zao. Mama mmoja wa Kimarekani mwenye koti la mvua la njano alitia sarafu kwenye kipochi cha manyoya, mbele pale pale, akakipapasa kama anayempapasa paka.

Ndipo gwaride likakatika. Spika ile ilikuwa imeunganishwa na simu ya Ronan, na simu ya Ronan, kama simu za watu wote wasiopenda kulipia, ilikuwa na matangazo.

"Je, gari lako lina bima?" chungu cha maua kilipaza sauti. "Usisubiri ajali!"

Na Fintan, mashavu yamevimba, vidole vinatembea, alichelewa kuacha.

Kicheko kilianzia kwa wageni, kikaingia ndani kwa wanywaji, kikafika mpaka jukwaani. Hata Peadar Lillis, mpiga fidla aliyekuwa akipiga goti kwa goti na Fintan tangu wote wana nywele, aliinamisha kichwa kuficha mdomo. Ronan alitoka mlangoni akapiga makofi. "Mcheshi wetu huyu! Tunaye kila Jumapili!"

Senan aliweka kijiko chini. Supu ilikuwa bado nusu.

*

Cepta alimleta Fintan jikoni kwa kumshika mkono, akamkalisha kwenye kigoda, akamvua kofia. Fintan alikohoa kwa muda mrefu. Maji yalimtoka kwenye sketi, yakatengeneza kidimbwi sakafuni, na yeye akawa anakitazama kile kidimbwi kwa makini kama kitu cha kusoma.

Ronan akachungulia. "Basi la pili dakika yoyote. Fintan, rudi mlangoni, mzee. Ile ya bima imependwa, ukweli wa Mungu."

"Harudi," Cepta alisema.

"Na nani anamenya viazi? Kigoda ni cha mpishi."

"Rudisha kiti, Ronan."

"Kiti gani?"

"Unajua kiti gani. Kiko uani, kinaota uyoga. Kirudishe konani, mtu akae, apige kitu ambacho hakitangazi bima."

Ronan alishusha pumzi, kama mtu mvumilivu anayesumbuliwa na watoto. "Sikiliza. Kona ile ilikuwa inakaliwa na mzee mmoja anayekunywa painti mbili jioni nzima, tena bure. Sasa hivi kofia peke yake zinalipa umeme. Mimi nauokoa utamaduni, Cepta. Na utamaduni unahitaji mtu wa kuulipia."

"Bina aliulipia."

"Bina alikufa paa likivuja." Akamwonyesha ndoo ya viazi. "Kazi yako hiyo pale. Ukitaka kunifundisha mambo ya muziki ungejifunza kwanza kuimba. Katika watu wote wa Kilcorran ni wewe tu sijawahi kukusikia ukitoa hata noti."

Ilikuwa kweli. Dada yake Cepta ndiye aliyeimba. Cepta alikuwa wa kusikiliza, na kupika.

Ronan alirudi ukumbini. Basi la pili lilikuwa limeshamwaga watu wake, baa imejaa mpaka dirishani. Alichukua kipaza sauti mkononi mwa Peadar bila kuomba, akawaambia wageni kwamba yeye ni mtoto wa nyumba hii, kwamba wimbo uko damuni, na akaimba. Ulikuwa ule wimbo ambao kila mlevi anaujua kiitikio chake. Ubeti wa kwanza aliuweza. Wa pili aliusahau, akapiga la-la-la. Wageni wakampigia makofi hata hivyo, maana ni watu wema na walikuwa wameshalipa.

Basi, Kilcorran kuna desturi, na Ronan alikuwa anaikumbuka nusu, kama ubeti wa pili. Aliyeimba ndiye mwenye wito: anamtaja anayefuata, na aliyetajwa hakatai. Akifungua kinywa, kila kitu kinasimama. Bia haimiminwi. Droo ya pesa haifunguliwi. Anayetaka kwenda chooni anajibana. Bina aliwahi kuiachia bia ifurike mpaka sakafuni kuliko kufunga bomba likalia katikati ya wimbo.

"Na sasa wito ni wangu!" Ronan alipaza sauti, amelewa makofi. Macho yake yalizunguka ukumbi, yakafika kwenye mlango wa jikoni, yakang'aa. "Namwita… mpishi wetu! Cepta! Toka hivyo hivyo na aproni yako! Msimwogope, jamani, anang'ata viazi tu!"

Wageni wakacheka. Wa Kilcorran hawakucheka. Nonie aligeuza kichwa polepole akamtazama Ronan kama daktari anayemtazama mtu aliyejikata mwenyewe.

"Umemwita?" Nonie aliuliza.

"Nimemwita!"

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, bibi!"

"Haya." Nonie akanyoosha mkono. "Njoo, mwanangu. Ukae hapa. Nipe mkono."

Cepta alitoka anafuta vidole. Masikio yake yalikuwa yanawaka moto. Hakuwa na wimbo. Ule wa dada yake aliufikiria, ukamkimbia. Akakaa benchini, Nonie akamshika mkono, akaanza kuuzungusha taratibu, mzunguko mdogo mdogo, kama wanavyomfanyia mwimbaji asizame. Na mkono ulipopata mwendo, mwendo ule Cepta aliujua. Ulikuwa wa kisu na kiazi. Akafumba macho, na yale maneno ya sinki yakatoka yenyewe.

*Kuna bwana kaja kwetu, suruali za kubana,*
*Akasema, "Hiki kitu hakina tena maana."*
*Kiti cha watu, si mtu, kilichokaliwa sana,*
*Kakitupa uani tu, mvua ikanya mchana.*

Sauti haikuwa nzuri. Ilikuwa kavu, nzito, sauti ya mtu anayeita mtoto ng'ambo ya shamba. Lakini ilikwenda ilikotaka. Mtu mmoja nyuma alisema, "Haya, mama!"

Ronan alicheka kidogo, akashika mkono wa bomba la bia. "Shhh!" ukumbi mzima ulimzomea, na wa kwanza kuzomea alikuwa Peadar Lillis. Mkono wa Ronan ukaganda pale pale.

*Ana ua mlangoni, ua linatuimbia,*
*Halina mizizi chini, waya umelipitia.*
*Mume wangu wa nyumbani sketi kavalishwa pia,*
*Apulize kwa utani, pumzi zamkimbia.*

Mama wa koti la njano alimwinamia Senan akanong'ona, "Samahani, huyo mwenye suruali za kubana ni nani?" Senan alimwelekeza kwa kidevu. Wageni wakaanza kugeuka mmoja mmoja, na simu zao zikageuka pamoja nao, mpaka Ronan alijikuta amesimama nyuma ya kaunta yake katikati ya duara la simu, mkono juu ya bomba, hawezi kumimina, hawezi kuondoka, hawezi hata kukuna pua.

Na Cepta hakuwa na haraka. Aliimba rafu ya kofia. Aliimba paa lililovuja na Bina aliyekufa chini yake akiwa na wapigaji sita kitandani pake wanampigia, na akauliza nani atampigia Ronan siku yake, chungu? Aliimba bima. Kwenye bima watu walijiuma midomo mpaka machozi. Aliimba kipochi cha manyoya na sarafu ndani yake. Mama wa koti la njano akashika shavu. Glasi zilikuwa tupu ukumbi mzima, na droo ya pesa ilikuwa imefungwa, na nje mvua ikaamua kunyesha kweli.

Alipomaliza hakumaliza kwa sauti. Maneno ya mwisho aliyasema tu, kama desturi ilivyo, kwa mazungumzo ya kawaida: "…na mimi ni Cepta wa viazi."

Makofi yalitikisa glasi. Ronan, uso umemwiva, alikuwa wa kwanza kusema. "Vizuri! Vizuri sana! Sasa, jamani, kaunta iko wazi…"

"Bado," Nonie alisema. "Ana wito."

Cepta alifumbua macho. Mlangoni mwa jikoni alisimama Fintan, na sketi yake, na magoti yake.

"Namwita Fintan Hehir," alisema.

"Sina zumari," Fintan alisema.

"Liko chini ya meza."

Fintan alimtazama mkewe. Ilikuwa kama amemwona akifungua mfuko wa koti la Fintan na kutoa kitu ambacho mwenyewe alikuwa anakitafuta nyumba nzima.

"Sina kiti."

Cepta aliingia jikoni, akatoka na kigoda, kifupi, hakina mikono, kimejaa maganda ya viazi. Alikwenda nacho mpaka konani, akaisukuma rafu ya fulana kwa nyonga. Kofia zikamwagika. Akakiweka.

Fintan alikaa. Sketi haikuwa na faida duniani ila hii moja: alipoweka kipande cha ngozi cha kuzibia ncha ya zumari juu ya goti, goti lilikuwa tayari wazi. Alifunga mvukuto kiunoni, akauingiza mfuko chini ya mkono, akatega sikio. Mabomba marefu yaliguna, yakagombana, yakapatana. Zumari lile ni la zamani, sauti yake iko chini kidogo ya vyombo vingine, na vyombo vingine ndivyo vinavyolifuata. Jukwaani, Peadar Lillis alichomoa waya wa kipaza sauti, akalegeza nyuzi zake moja moja mpaka zikamfika Fintan. Nonie akainuka na kodiani yake akahamia kando ya kigoda. Wa filimbi akashuka. Migongo kwa watu.

Nisikwambie walivyopiga. Waliokuwepo walisikia, na simu hazikushika hata nusu.

*

"Hivyo umemaliza kazi hapa," Ronan alimwambia Cepta baadaye, jikoni, taratibu, bila tabasamu. Angalau hapo alikuwa mkweli. "Leo hii. Na yeye asikanyage tena."

"Nilijua."

"Umenidhalilisha mbele ya wageni wangu."

"Uliniita, Ronan. Nilikuwa namenya viazi."

Waliotoka na Cepta hawakuwa wengi. Fintan alitoka, na sanduku lake, akiwa amevaa suruali ya kazi aliyoazimwa na Senan. Nonie alitoka na kodiani. Wa filimbi alitoka hadi mlangoni, akakumbuka koti, akarudi kulichukua, hakutoka tena. Peadar Lillis alibaki jukwaani akichomeka waya wake mahali pake. Binti yake anafanya kazi kaunta. Cepta alipopita alimtazama, na Peadar akawa na shughuli kubwa na nyuzi zake. Hilo nalo Cepta aliliweka akilini, kwenye mwendo wa kisu.

Walikuwa barabarani, Cepta amebeba kigoda begani, basi la Senan linanguruma nyuma yao likisubiri njia, Ronan alipotoka mlangoni.

"Cepta! Hicho kigoda ni mali ya baa!"

Cepta alisimama. Alikitua katikati ya barabara, akakikalia, akafungua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye lami iliyolowa.

"Aproni ni yako," alisema. "Kigoda nilikuja nacho. Muulize Bina."

"Ondoka barabarani! Basi haliwezi kupita!"

"Inuka, mama," Fintan alinong'ona. "Twende nyumbani."

"Ile simu ya Galway utapiga?"

Fintan alilihamisha sanduku kutoka mkono mmoja hadi mwingine. "Sitapiga."

"Basi ngoja kidogo. Nonie, nipe mkono."

"Kuna beti nyingine?" Nonie aliuliza.

"Kuna wa Peadar. Kuna wa kigoda. Naona kila mara nikimtazama yule wa mlangoni unakuja mwingine."

Ronan alikimbilia dirisha la basi, akaligonga kwa ngumi. "Piga honi! Senan! Piga honi, nakwambia!"

Cepta alifumba macho akafungua kinywa. Na Senan, nyuma ya usukani, na wageni wake wote wamenyoosha shingo, alinyoosha mkono akazima injini.